Kapteni Lugard: askari wa Malkia au kibarua wa makampuni?

#1 Kigoda cha Babu
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita nilipanda mnara wa ule msikiti mkubwa wa Old Kampala. Ngazi zinazunguka mpaka magoti yanaomba poo. Kijana anayetembeza wageni akatuonyesha chini: kwenye kilima hiki ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome yake Desemba 1890. Watu wakapiga picha, tukashuka. Mimi nikashuka na neno moja tu kichwani: Kapteni. Kapteni wa jeshi gani?

Nimefuatilia. Frederick Lugard kazaliwa Madras, India, 1858, baba yake mchungaji. Kapita Sandhurst, 1878 kaingia kikosi cha 9 cha miguu, kile cha Norfolk. Afghanistan kapigana, Suakin kule Sudan kapigana, Burma kapigana, na 1887 akavishwa nishani ya DSO. Mpaka hapo ni ofisa wa Malkia Victoria kama maofisa wengine.

Halafu mambo yanageuka. 1888 yuko Karonga, ziwa Nyasa, anapigana upande wa African Lakes Company. Mwisho wa 1889 yuko Mombasa, kaajiriwa na Imperial British East Africa Company. 1894 yuko Borgu na Royal Niger Company. 1896 kaelekea Ngamiland, pembeni mwa Kalahari, kwa kampuni nyingine tena. Kampuni 4 ndani ya miaka 8, na cheo cha jeshi hakijamtoka!

Sasa ile Januari 1892 bunduki ya rashasha, Maxim, ilipolia Mengo, kwenye makao ya Kabaka wa Buganda, mtu huyu alikuwa anampigia nani saluti? Malkia, kampuni au kanisa?

#2 Nipo Nyuma
Natandika mkeka hapa. Mwenye kahawa aje nayo.

#3 Mwalimu Mstaafu
Mleta uzi, unashangaa jambo ambalo enzi zile halikuwa la ajabu. Ofisa aliweza kuomba ruhusa kikosini akaenda kufanya kazi nyingine, jina lake likabaki kwenye orodha ya jeshi. Serikali ya London iliupenda mtindo huo. Kampuni ya Mackinnon, hiyohiyo Imperial British East Africa, ilipewa hati ya kifalme Septemba 1888. Mambo yakienda vizuri, nchi inakuwa ya Uingereza bila Bunge kutoa fedha nyingi. Yakiharibika, "aa, hayo ni ya kampuni, sisi hatumo." Kapteni kwenye likizo ndiye mtu wa kufaa kwa kazi ya namna hiyo.

Kwa hiyo jibu langu: alikuwa askari wa Malkia, ila mshahara ulipitia dirisha la nyuma.

#4 Chizi wa Makavazi
Mwalimu heshima yako, lakini umeruka kitu. Kwa nini mtu mwenye nishani mpya kifuani aache kikosi ghafla? Ni mapenzi.

Alimpenda mwanamke mmoja India, aliyekuwa ameachika. Akiwa Burma akapata habari kwamba mama huyo kaumia vibaya kwa ajali ya gari la farasi. Jamaa akakimbilia Lucknow, akakuta ameshapanda meli kwenda Uingereza. Akamfuata hadi London. Kufika, yuko na mwingine.

Baada ya hapo alivurugika. Akajiunga kwa muda na wazima moto wa London, anatafuta hatari kama mtu anayetafuta maji. Mwisho wa 1887 akapanda meli, abiria wa sitaha, akashukia Massawa akitaka kujiunga na Waitalia dhidi ya Wahabeshi. Wakamkatalia. Akateremka pwani hadi Msumbiji, ndipo akasikia kuna vita Karonga. Hakutafuta mwajiri huyo, alitafuta risasi.

#5 Dogo wa Buza
Kwa hiyo Uganda imetawaliwa kwa sababu jamaa alipigwa chini? Dada zetu muwe mnaangalia, mkimwacha mtu mjue anakwenda wapi.

#6 Mama Tumaini
@Dogo wa Buza nimecheka hadi nimeunguza maharage.

#7 Mwana wa Kyela
Karonga ni jirani yangu, navuka Songwe tu nimefika. Wangonde wa kule na sisi Wanyakyusa ni watoto wa nyumba moja, kwa hiyo vita ile tulisimuliwa tukiwa wadogo.

Kulikuwa na mfanyabiashara Mswahili, Mlozi, anauza pembe na watu. Mwishoni mwa 1887 watu wake waliwazingira Wangonde kwenye bwawa la Kambwe, waliokimbilia matete wakachomewa humo. Wazungu wa kampuni, ile watu wa Malawi wanayoiita Mandala kwa sababu ya miwani ya mmoja wao, wakajikuta vitani. Hapo ndipo Lugard akapewa uongozi.

Tarehe 16 Juni 1888 akavamia boma la Mlozi. Boma lenyewe ni magogo yamesimamishwa na kukandikwa udongo. Anaukwea ukuta, risasi ikampata: ikapita mkono wa kulia, ikachana kifua, ikaumiza na mkono wa kushoto. Risasi moja. Mwaka uliofuata wakaleta mzinga mdogo, wakidhani sasa mambo yamekwisha. Wapi! Kombora lilitoboa udongo likapita likaacha tundu, ukuta umesimama vilevile. Lugard akaondoka Mlozi yupo. Aliyemnyonga ni Harry Johnston, Desemba 1895.

Kwa hiyo jamani, msimfanye shujaa asiyeshindwa. Kwa mkandiko alishindwa.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku
Samahani kuingilia. Risasi moja, mikono miwili na kifua katikati, halafu mtu anapona porini bila hospitali? Nimefanya kazi wodi ya majeruhi miaka 11. Mnieleze mikono ilikuwa imekaaje.

#9 Mwana wa Kyela
Alikuwa anapanda ukuta dada. Ukipanda ukuta mikono inakuwa mbele ya kifua. Jaribu ukuta wa jirani usiku, utanielewa.

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku
Jirani yangu ana mbwa.

#11 Bint Sabaki
Watu wa pwani tusisahauliwe. Kabla ya kwenda bara Lugard alianza kwetu. Mwanzoni mwa 1890 alipita na mto Sabaki akijenga maboma ya kampuni ili misafara ipate njia isiyopita Taru, kule watu walikokufa kiu.

Kwenye njia hiyo akakutana na watoro, watumwa waliowakimbia mabwana wao Mombasa na Malindi, wana miji yao huko Fuladoyo na Makongeni. Mabwana wanawadai. Lugard akapendekeza wafanye kazi, walipe thamani yao kidogo kidogo, wapewe hati ya uhuru. Mimi namhesabia hilo. Kampuni peke yake isingehangaika, kwa hiyo pale alikuwa anafuata dhamiri yake. Mama yake alikuwa mmisionari, msisahau.

#12 Jongoo wa Malindi
Dada yangu Bint Sabaki, taratibu. Mtu ajilipie mwenyewe bei yake kwa jasho lake, na wewe wamhesabia wema mwenye karatasi! Halafu hao wapagazi wa kampuni waliotoka Unguja na Mombasa, wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, bwana akila nusu ya ujira. Kampuni ilijua.

#13 Bint Sabaki
Sikusema malaika. Nimesema wenzake hata hilo hawakulifikiria.

#14 Kamau wa Uthiru
Mimi napita Waiyaki Way kila siku kwa matatu, na kila siku nakumbuka vile Lugard alimdanganya Waiyaki wa Hinga, kiongozi wetu Wakikuyu. Oktoba 1890 walikula kiapo cha undugu wa damu pale Dagoretti. Halafu Lugard akajenga Fort Smith, akamkamata ndugu yake wa damu na kumzika akiwa hai Kibwezi. Huyo ndiye dhamiri?

#15 Mwalimu Mstaafu
@Kamau wa Uthiru nakurekebisha bila ubaya. Lugard alijenga kituo cha Dagoretti, akamwachia George Wilson, akaendelea na safari. Watu wa msafara na wa kituo wakaanza kupora mashamba, uhusiano ukaharibika, kituo kikaachwa na kuchomwa. Fort Smith ilijengwa 1891 na Kapteni Eric Smith. Waiyaki alikamatwa pale Agosti 1892 na watu wa kampuni, Lugard hakuwapo. Akafia Kibwezi akipelekwa pwani.

#16 Kamau wa Uthiru
Sawa mwalimu, Fort Smith nimekosea, asante. Lakini hilo la "akafia Kibwezi" ni lugha ya ripoti. Kwetu wazee wanasema alizikwa hai kichwa chini. Wewe unaamini karatasi ya aliyemfunga, mimi naamini nyanya yangu. Na kiapo kilikuwa cha Lugard. Ukila kiapo halafu kampuni yako imuue ndugu yako, damu iko kwa nani?

#17 Dogo wa Buza
Kamau kamrudisha mleta uzi kwenye swali lake mwenyewe.

#18 Ssalongo Mengo
Wenzangu, sisi ndio wenye kilima, tupeni nafasi.

Lugard alivuka Nile bila kumsubiri Kabaka Mwanga ampe ruhusa, akafika tarehe 18 Desemba 1890, akapiga hema kwenye kilima alichokitaka yeye. Tarehe 26 mkataba ukatiwa saini. Alikuwa na Maxim kuukuu, ileile iliyovuka Afrika na yule msafiri Stanley, ukiigusa ovyo inakwama.

Nchi ilikuwa imegawanyika: Wafaransa maana yake Wakatoliki, Waingereza maana yake Waprotestanti, na Waislamu walioshindwa wamekaa mpakani mwa Bunyoro. Majina ya mataifa yalikuwa majina ya dini. Kwa hiyo swali la mleta uzi, Malkia au kanisa, kwa Mganda wa 1892 halikuwapo. Lilikuwa kitu kimoja.

Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki iliyoibiwa. Kabaka akasikiliza, akaamua marehemu ndiye aliyevamia ua wa mwenzake, muuaji aende zake. Lugard akamtuma mkalimani wake Msomali, Dualla, kwenda ikulu kudai haki. Akajibiwa kwa dharau kwamba Wafaransa ni wengi na hiyo ngome wataichukua. Basi akafungua ghala, akawagawia Waprotestanti bunduki za kampuni. Jumapili tarehe 24 vita ikaanza. Angefanya nini? Akae azingirwe?

#19 Mwana Buddu
Ssalongo, wewe ni wa Namirembe, kwa Waprotestanti, unanukia hata kwenye maandishi. Sema na yaliyofuata. Kanisa letu la Rubaga lilichomwa siku hiyo. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Askofu Hirth wa Wakatoliki. Tarehe 30 Kapteni Williams, msaidizi wa Lugard, akapiga kisiwa kwa Maxim, watu wakajitupa kwenye mitumbwi, mitumbwi ikapinduka. Wanawake na watoto. Baadaye Wakatoliki wakasukumwa Buddu, ndiyo sababu babu zangu wako Masaka mpaka leo.

Na mwajiri alikuwa nani? Angalia nani alilipa. Ufaransa ililalamika miaka, na 1898 Uingereza ikatoa fidia ya pauni 10,000 kwa wamisionari. Kama alikuwa kibarua wa kampuni, kwa nini serikali ilipe? Mwenye mbwa ndiye anayelipa kuku.

#20 Ssalongo Mengo
Masaka mlipata askofu Mwafrika, Kiwanuka, 1939, kabla yetu sote. Buddu haikuwaharibia sana 😄

#21 Mwana Buddu
Hapo umeniweza kidogo.

#22 Mzee wa Usongo
Hodi. Mnazungumza kana kwamba Lugard alikwenda mbio Uganda kwa kupenda. Alikuwa anakimbizana na mtu wetu. Charles Stokes, Mwairishi, alikuja na wamisionari, akaacha, akaoa Unyamwezi, akaweka makao Usongo, akawa na misafara yake. Huyu alikuwa anapeleka baruti na bunduki kwa Mwanga kutokea upande wa Wajerumani. Lugard aliposikia Stokes yuko njiani akaona akichelewa atakuta Kabaka ana silaha kuliko yeye. Ndiyo maana hakungoja ruhusa ya kuvuka Nile.

Mimi naona hakufuata Malkia wala kampuni. Alifuata hofu. (Stokes naye mwisho wake mbaya, Januari 1895 ofisa wa Wabelgiji, Lothaire, alimnyonga kule Kongo.)

#23 Chizi wa Makavazi
Mzee umenipa kazi leo. Lakini hofu ya Desemba 1890 haielezi Januari 1892. Kabla ya Mengo, Lugard alipata barua kwamba kampuni imefilisika mfukoni, aondoke Uganda. Mwanzoni mwa Januari ikaja nyingine: marafiki wa CMS, misheni ya Waprotestanti wa Kiingereza, wamechanga fedha, abaki mwaka mmoja zaidi. Wiki chache baadaye akawapa silaha watu wa CMS. Mimi si mtu wa kusingizia, ila ukiniuliza mshahara wa mwaka 1892 ulitoka wapi, nitakuonyesha sahani ya sadaka.

#24 Ssalongo Mengo
Hii sasa ni chai. Bunduki aligawa kwa sababu Waprotestanti walikuwa wachache, siyo kwa sababu ya mchango.

#25 Mwalimu Mstaafu
Hata wenyewe hawakukubaliana. Serikali ilimpa Kapteni Macdonald, mhandisi wa jeshi aliyekuwa akipima njia ya reli, achunguze yaliyotokea. Ripoti yake ilimbana Lugard vikali. Lakini Macdonald na Lugard walikuwa hawapikiki chungu kimoja, kwa hiyo wengine wakasema ni chuki. Kapteni anamhukumu kapteni, wote wa Malkia, mmoja analipwa na serikali, mwingine na kampuni.

#26 Kibra Damu
Assalaam alaikum. Nimesoma kimya tangu jana. Mimi ni Mnubi wa Kibra, Nairobi, na nyumbani Kinubi kinasemwa mpaka leo. Sisi ni masalia ya safari ya huyo Kapteni, kwa hiyo niacheni niseme.

Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, alipoondolewa na Stanley kwenda pwani (yule aliyefika Bagamoyo Desemba 1889 akaanguka dirishani kwenye karamu), askari wengi wa Kisudani walibaki Kavalli, ng'ambo ya ziwa Albert, chini ya Selim Bey. Septemba 1891 Lugard akawafuata, maana alihitaji askari na kampuni haina fedha za kuwaleta kutoka mbali. Akawakuta na wake zao, watoto, watumwa, maelfu ya watu. Nguo zao walizifuma wenyewe kwa pamba waliyoilima, na vyeo vyao bado wanavitunza.

Sasa sikilizeni. Selim Bey alikataa kumtumikia. Akasema mimi ni askari wa Khedive, mtawala wa Misri, bila ruhusa ya Khedive sivai bendera nyingine. Mtu ametupwa miaka, hapati mshahara wala risasi, lakini anajua bwana wake ni nani. Lugard ilibidi aahidi kwamba ruhusa itaombwa Cairo. Ndipo wakamfuata.

Kwa hiyo swali la Kigoda lilishaulizwa, na aliyeuliza alikuwa Selim: "Wewe unatumwa na nani?" Na malipo yake? 1893, Lugard ameshaondoka, Macdonald huyohuyo akamkamata Selim kwa tuhuma za kuwapendelea Waislamu wa Uganda, akasafirishwa mgonjwa kuelekea pwani, akafia Naivasha.

Babu zetu wakaingia jeshi la Uganda, kisha KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), wakapewa msitu wa Kibra wakae. Nyanya alikuwa na kipande cha karatasi ndani ya kopo la majani ya chai, cha utumishi wa babu yake. Kila ofisi tuliyokwenda nacho kuhusu ardhi tuliambiwa, "Huyu alikuwa askari wa nani?" Wallahi, maneno yaleyale.

#27 Mama Tumaini
Kibra Damu umenikalisha chini. Hiyo karatasi bado ipo?

#28 Kibra Damu
Kopo lipo. Karatasi imebaki nusu, mende wamekula upande wenye muhuri.

#29 Kigoda cha Babu
Nimerudi wakuu, kazi zilinibana. Kibra Damu, sikujua habari ya Selim Bey kukataa, asante sana. Naongeza kitu kimoja kinachonipa shaka na maelezo yetu yote: mengi tunayojua yametoka kwenye shajara za Lugard na kitabu alichokitoa mwenyewe 1893, wakati anazunguka Uingereza akihutubia watu ili serikali isiiache Uganda. Kampuni ilishusha bendera yake Machi mosi... sorry, Aprili mosi 1893, na 1894 Uganda ikawa nchi ya himaya. Mtu anayepigania kazi yake ataandika alikuwa anampigia nani? Ataandika lile linalouzika London.

#30 Jongoo wa Malindi
Na lililouzika London ni kukomesha utumwa. Nilisema mie.

#31 Dogo wa Buza
Swali la kizembe: aliishia wapi? Gavana wa Uganda?

#32 Mwalimu Mstaafu
Uganda hakuwahi kuwa gavana. 1897 serikali ilimpa kuunda kikosi cha Afrika Magharibi, hapo akarudi kulipwa na Malkia waziwazi. Januari 1900 akawa Kamishna Mkuu wa Nigeria ya Kaskazini, 1903 akaziteka Kano na Sokoto. 1907 Hong Kong. 1914 akaunganisha Nigeria mbili kuwa moja. Akafa 1945 akiwa Lord. Na 1902 alimwoa Flora Shaw, mwandishi wa habari aliyelipendekeza jina la Nigeria.

#33 Chizi wa Makavazi
Kwa hiyo moyo ulipona baada ya miaka 15. Hoja yangu ya mapenzi inabaki palepale.

#34 Kamau wa Uthiru
Moyo wake ulipona. Kibwezi hakuna aliyepona.

#35 Mzee wa Usongo
Na kule Borgu 1894 alipigwa mshale wa sumu kichwani, akala dawa za mizizi za wenyeji, akaendelea na safari. Mtu huyu hafi.

#36 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mshale wa sumu kichwani tena?! Na bado hamjanimalizia habari ya mkono wa kushoto. Risasi ilitoka au ilibaki ndani?